Semista niliyopiga marufuku "uti wa mgongo"

Wiki ya pili ya semista, umeme umekatika, nasahihisha kwa tochi ya simu, insha 41 ziko mezani. Ya kwanza inaanza "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu". Sawa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu kabadilisha kidogo, "uti wa mgongo wa uchumi wa nchi yetu", ya nne tukarudi pale pale. Nikaanza kuzihesabu. Insha 29 kati ya 41 zimeanza na uti wa mgongo, na karibu zote zinamalizia kwa kuiomba serikali ipeleke pembejeo kwa wakati. Na hawa sio watoto wa mjini jamani, wengi wametoka shamba juzi tu, ukiwapa mkono unasikia sugu za jembe, wanajua palizi ya kwanza na ya pili, wanajua mbegu ipi inavumilia jua, lakini ukiwapa karatasi wanaandika kama taarifa ya habari. Nilisikitika kwa kweli. Sikuwakasirikia wao maana najua hiyo sentensi imetoka wapi, ni sisi walimu tumewapa toka darasa la tano tukawaambia insha nzuri ndo inaanza hivyo.

Nafundisha stadi za mawasiliano na uandishi kwenye chuo kimoja hapa Morogoro, cheti na diploma. Ni somo ambalo wanafunzi wengi wanaliona la kujazia ratiba, unakopi madesa ya mwaka jana, unapata maksi, unaendelea na mambo yako. Miaka yote nilikuwa nawapa mada zile zile, faida na hasara za simu, utandawazi, mazingira. Safari hii nikaamua semista nzima iwe mada moja tu, chakula na kilimo. Ukitoka getini kwetu unaiona milima ya Uluguru, asubuhi kinamama wanashuka na kabichi na njegere za Mgeta, SUA, chuo kikuu cha kilimo, iko hapo jirani na imebeba jina la Sokoine, aliyekuwa waziri mkuu, toka 1984, mwaka ule ule aliofariki kwa ajali huko Dakawa, mkoa huu huu. Yaani kila kitu kinachotuzunguka kinaongelea chakula, isipokuwa insha zetu.

Kesho yake nikaandika ile sentensi ubaoni, nikaikata kwa mstari, nikasema hii marufuku mpaka mwisho wa semista. Kimya. Halafu mmoja akauliza, "Sasa madam tuanzeje?" Nikamwambia anza na sahani uliyokula jana usiku.

Wengi walikula wali maharage kwa mama ntilie nyuma ya hosteli. Nikasema basi ifuateni hiyo sahani, kila kitu kilichomo mniambie kimetoka wapi, muulize mama, na mama akikutajia soko nenda sokoni ukaulize. Walilalamika wee, lakini walienda. Mchele ukawapeleka Ifakara na wengine Mbarali, nyanya Ilula, kitunguu Ruaha Mbuyuni, dagaa wa mmoja wakatokea Mwanza. Walipofika kwenye mafuta ya kukaangia wakakwama. Dumu la mama halina mkoa. Wakaja kugundua ni mawese ya kutoka nje, huko Asia ya mbali, na binti mmoja wa Singida akasimama karibu alie, anasema madam kwetu alizeti inaoza kwa kukosa bei, inakuwaje hapa tunakula mafuta ya meli? Sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia hilo ndo swali la insha yako. Na chapati ya asubuhi nayo hivyo hivyo, ngano tunayokula sehemu kubwa inaagizwa nje, ndo maana vita ya Ukraine ilipoanza 2022 unga wa ngano ulipanda mpaka kwenye vijiji ambavyo havijawahi kuiona ngano shambani. Hizo insha za sahani hazikuwa nzuri sana kiuandishi, zilijaa "halafu nikaenda, halafu nikauliza". Ila hakuna hata mbili zilizofanana.

Kutoka hapo maneno ya nyumbani yakaanza kuingia darasani, na hapo ndo nilipoanza kusikiliza vizuri.

La kwanza lilikuwa lumbesa. Kijana wa Makete, kwao wanalima viazi mviringo, akaeleza gunia linavyojazwa mpaka mdomoni halafu linaongezewa kipande kingine juu kinashonwa kwa kamba, linapanda kama limevaa kilemba, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, hilo alilitafuta mwenyewe akalileta. Nikamuuliza kama sheria ipo kwa nini baba yako anashona kilemba? Akasema kwa sababu lori liko moja, barabara ina matope, na viazi vikikaa zaidi vinaanza kuharibika, asipokubali yeye jirani atakubali. Nikamwambia andika hivyo hivyo ulivyosema, usiongeze neno. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa imeandikwa "wakulima wanakosa elimu ya vipimo". Lakini baba yake elimu hiyo anayo, anajua kabisa anaibiwa kiasi gani, kwa debe.

Sasa nije kwenye insha ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani.

Kijana wa Newala, mkimya, anakaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Akaandika kuhusu kangomba. Kwa asiyejua, kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa chinichini, mtu anakuja nyumbani na kipimo chake, anakupa hela kidogo sasa hivi, mara nyingi korosho hata haijaanguka, msimu ukifika anachukua mzigo anaupeleka kwenye bei ya mnada na faida yote inabaki kwake. Imekatazwa na kila mwaka viongozi wanaikemea. Rasimu ya kijana ilikuwa safi kabisa, "kangomba ni adui namba moja wa mkulima wa korosho", aya tano, kila aya inakemea. Ungeweza kuisoma kwenye mkutano wa hadhara watu wakapiga makofi.

Nikamwita pembeni nikamuuliza kitu kimoja tu, awamu ya pili ya ada mwaka jana mlilipaje nyumbani? Akaangalia chini. Nikajua nimegusa kitu nikamwacha.

Wiki iliyofuata kaleta kurasa nne za mkono. Kaandika kwamba ada ya awamu ya pili inadaiwa Machi, na Machi Newala hela hakuna, korosho za msimu uliopita zilishalipa madeni ya msimu uliopita, mahindi mapya bado yako shambani, hata unga nyumbani unapimwa. Mnada ni mpaka Oktoba huko. Baba yake akaenda kwa jirani yao, jirani akaja usiku na hela kwenye mfuko wa shati, akakaa akala nao ugali na kisamvu, wakaandikishana kilo kwenye daftari la shule la mdogo wake. Kesho yake asubuhi ada ikatumwa. Kaandika pia kwamba yeye akiwa bado mtoto, 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likaingia kubeba, ukaja uhakiki, mwenye korosho aonyeshe na shamba, na jirani huyo huyo akabaki na magunia asiyoweza kueleza yametoka kwenye miti ya nani, akakaa barazani siku nyingi hasemi na mtu, na baba yake kijana ndo alikuwa anampelekea chakula. Neno adui lilikuwa limetoka lote kwenye insha. Hakuna mahali amesema kangomba ni nzuri, kapiga hesabu kabisa baba yake amepoteza kiasi gani kwa kila kilo. Ila sasa ukisoma unaelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayejua hesabu, anaikubali hiyo hasara.

Nikamuomba aisome darasani. Akasoma kwa sauti ndogo, feni zimezimwa ili asikike. Alipomaliza binti mmoja wa Muleba akanyoosha mkono hata hakusubiri nimwite, akasema "Mbona hiyo ni butura?" Wenzake hawajui butura ni nini. Akaeleza, Kagera unauza kahawa ikiwa bado maua mtini, anayenunua anakupa hela leo, kahawa ikiiva ni yake na bei aliyokupa ni ya maua. Bibi yake aliuza maua mwaka alipofiwa na mume, kwa sababu msiba hausubiri kahawa iive. Wakabaki wanaangaliana, mmoja wa kusini kabisa mwingine wa ziwani, hawajawahi kufika kwa mwenzake, na kila mmoja alikuwa anadhani hilo ni tatizo la kwao tu, tena la aibu. Wa Kyela naye akadakia kwamba kwao ni mpunga. Basi siku hiyo mimi sikufundisha, nilikaa kwenye dawati la mbele nikawa naandika wanachosema.

Mtu akauliza stakabadhi ghalani je? Sheria yake ipo toka 2005, unapeleka mzigo ghala linalotambulika, unapewa karatasi, na hiyo karatasi inaweza kukuombea mkopo benki huku unasubiri bei nzuri. Yule wa Newala akajibu, na hili nililinukuu kwenye daftari langu, "Stakabadhi inasaidia mzigo ukiwa ghalani. Machi mzigo wangu uko juu ya mti." Nimesoma makala nyingi za wataalamu kuhusu masoko ya mazao, na sikumbuki kukutana na sentensi iliyonieleza tatizo la mkopo wa mkulima kwa uwazi kama hiyo, na imesemwa na kijana ambaye wiki tatu kabla alikuwa anaandika uti wa mgongo.

Sio kila kitu kilienda vizuri. Binti wa Chemba aliandika kuhusu sumukuvu, ile sumu ya kuvu kwenye nafaka. Rasimu yake ilisema "watu wengi walikufa" na mimi kwa kalamu nyekundu nikaandika pembeni, wangapi? lini? ushahidi? Nilikuwa nafanya kazi yangu, ndivyo tunavyosahihisha. Akaja ofisini na lile karatasi, akasimama tu. Halafu akaniambia ilikuwa 2016, yeye mdogo, nyumba ya tatu kutoka kwao watoto wawili, walianza macho kuwa ya njano, tumbo likajaa, wakatapika, watu wakasema wamerogwa. Nilitamani nimnyang'anye lile karatasi nifute wino. Nikamwomba radhi, tukakaa, tukatafuta pamoja. Mwaka huo Dodoma na Manyara walikufa watu karibu 20 na ilichukua muda kujulikana kuwa ni mahindi, na Kenya nao 2004, Ukambani na maeneo ya jirani, walikufa watu 125 kwa sumu hiyo hiyo. Ni kuvu linaloota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri au zilizoanikwa chini kwenye udongo, sumu yake haina harufu, huioni, na ukiipika haiishi. Insha yake ya mwisho ina vyote viwili, namba na ile nyumba ya tatu. Nilijifunza kwamba namba nilikuwa na haki ya kuiuliza, lakini nilitakiwa niulize nyumba kwanza.

Siku ya kuiwasilisha alikuja na chupa ya maji tupu, kavu, mahindi kiganja kimoja na chumvi kavu. Akaweka mahindi, akaweka chumvi, akatikisa dakika kadhaa, akaisimamisha mezani. Chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa. Akasema haya hayajakauka, mkiyaweka ghalani hivi mnatengeneza sumu. Mahindi yenyewe alikuwa kanunua asubuhi ile sokoni, yale tunayokula wote. Darasa lilinyamaza. Nadhani watu kumi walipiga simu nyumbani jioni hiyo kuelekeza habari ya chupa na chumvi, na mimi nilikuwa mmoja wao, nilimpigia mama yangu.

Kuna jambo la lugha nalo lazima niliseme. Kozi yetu rasmi inafundishwa kwa Kiingereza na mtihani ni Kiingereza. Mimi niliruhusu rasimu za kwanza ziandikwe Kiswahili, na maneno ya kilugha yabaki kama yalivyo, halafu ndo tunahamia kwenye Kiingereza pole pole. Nililaumiwa kidogo kwa hilo, sitataja na nani. Lakini mtu aliyelelewa kwenye ngolo utamlazimishaje aanze kufikiria kwa neno ambalo halipo? Ngolo ni vile vishimo vya Wamatengo kule Mbinga, kwenye milima yenye mteremko mkali, nyasi zinafyekwa zinapangwa kwenye miraba, zinafunikwa udongo, katikati panabaki shimo, mvua ikinyesha maji yanatulia humo hayaondoki na udongo, na zile nyasi zikioza ndo mbolea. Wamelima hivyo kabla mkoloni hajafika na mpaka leo milima yao inalimika. Kijana wa Mbinga akaandika vizuri sana, akampigia bibi yake simu amsomee, kwa kujivunia tu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho akamwambia, "Mjukuu wangu umeandika kama wanaume ndo wanafanya yote. Wanaume wanafyeka na kupanga nyasi. Anayechimba na kufukia ni mwanamke. Mgongo wangu huu unaujua." Akarekebisha aya nzima.

Nilipoisikia hiyo nikaifanya kuwa sharti kwa darasa zima, kabla hujaniletea rasimu ya mwisho, msomee mtu wa nyumbani anayelijua jambo lenyewe, kwa simu au ana kwa ana, na uandike alichokukosoa. Kuna binti Mluguru wa Matombo alimsomea babu yake kuhusu makinga maji ya ngazi ambayo Waingereza waliwalazimisha kuyachimba miaka ya 1950. Babu akamwambia umesahau kwa nini tulikataa. Udongo wetu mzuri uko juu na ni mwembamba, ukichimba ngazi unautoa ule wa chini usio na kitu ndo unapanda humo, mwaka mzima umechimba na mavuno hakuna. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, ikawa vurugu, mtu mmoja akapigwa risasi akafa na ule mpango ukaishia hapo. Binti akaiweka insha yake karibu na ya ngolo ukutani, akauliza swali zuri mno, kwa nini milima hii walikataa kuchimba na milima ile wanachimba mpaka leo bila kusimamiwa na mtu. Sikumpa jibu. Alilijibu kwa kurasa sita.

Kijana mmoja wa Tabora akaandika kuhusu dumuzi aliyeingia kwao mwishoni mwa miaka ya 1970, mdudu anayekula mahindi ghalani, aliyetoka Amerika ya Kati, watu wakampa jina la Scania kama lile lori. Babu yake alimwambia ukiweka sikio kwenye kihenge usiku unamsikia anakata. Alisikia hivyo na akaandika hivyo, na mimi kila nikiisoma nausikia.

Yule wa Newala alichelewa kuleta fomu yake ya masahihisho. Nikadhani hataki kumsomea baba yake, na ningemwelewa, kumsomea mzazi deni lake mwenyewe sio jambo dogo. Akaja siku ya mwisho kabisa jioni. Akasema alimsomea Jumapili, baba alikaa kimya muda mrefu mpaka akadhani salio limekata. Halafu baba akasema, "Mwanangu, hiyo bei ya kilo uliyoandika siyo. Mimi nilikuficha. Ilikuwa chini zaidi." Akamtajia. Kijana akanionyesha kwenye karatasi, bei ya zamani imekatwa kwa mstari mmoja na juu yake imeandikwa mpya kwa kalamu nyingine, na hesabu yote ya hasara chini yake imepigwa upya kwa mkono, mstari kwa mstari.

Wiki ijayo wanaingia wapya. Chupa ya yule binti wa Chemba aliniachia, iko hapa mezani, chumvi nimenunua leo.